Kabla ya Selfi, Uliza Nani Atamwagilia

Wasee, leo tuongee ukweli. Kila msimu wa kupanda miti naona picha zilezile: wakubwa wa chuo, tisheti za kijani, jembe jipya, tabasamu. Hata mimi niliwahi kusimama kwenye picha kama hiyo, chuo sikitaji. Nikarudi baada ya likizo ndefu. Miche ilikuwa imekauka, na iliyobaki mbuzi walikuwa wamemaliza. Nikamuuliza mzee wa kufagia, kwani nani alikuwa anamwagilia?

"Kijana wangu, mimi ni kibarua. Siku ya kupanda niliitwa. Siku ya kumwagilia hakuna aliyeniita."

Manze, hapo ndipo nilipoelewa. Miti yetu haiuliwi na jua la Turkana pekee. Inauliwa na ofisi ya wafanyakazi.

Mimi ni wa Katilu. Kwetu mahindi yanategemea maji ya mto Turkwel kupitia mifereji. Mfereji ukikosa mtu wa kuuzibua, unajaa mchanga na shamba la mbele linakauka. Hatuuiti mradi wa kijani. Ni kazi, na kazi ina mwenyewe.

Wangari Maathai alilijua hili. Alianzisha Green Belt mwaka 1977 akiwa bado mhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi, na akina mama walilipwa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Soma tena: uliopona, si uliopandwa. Strathmore nao waliweka sola ya kilowati 600 juu ya paa mwaka 2014, na pia wanafunza mafundi wa sola. Mtambo bila fundi ni pambo tu.

Najua mtasema bajeti hakuna. Sawa. Hesabuni tisheti, tenti na chakula cha wageni wa siku ile, halafu mniambie mshahara wa mtu mmoja umeshindikana vipi. Na kuandika kwenye barua ya kazi ya mkuu wa idara kwamba atapimwa kwa miti iliyo hai, taka na bili ya stima, hiyo inagharimu nini? Karatasi moja!

Kwa hivyo wewe uliye chuoni Lodwar, Kakuma au Eldoret, ukiitwa kupanda mti, uliza kwanza: kesho nani atamwagilia, na analipwa? Wasipokupa jina, rudisha jembe.