Miiko Ilimfunga Mhunzi

Ukipita Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye nguzo za umeme na kuta za vibanda, matangazo ni yaleyale: kurudisha mpenzi, kumtuliza mume, nguvu za kiume, mvuto wa biashara, pete ya bahati, na namba ya simu chini yake. Kisichoandikwa ni sharti. Sharti husemwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na kwa baadhi ya waganga ni hili: dawa haipandi mpaka mteja alale na mganga.

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya sharti hilo, kwa sababu kila likitajwa, mtu husimama na kulitetea kwa jina la mila. Mila ipi?

Wapangwa wa Ludewa na Wafipa wa upande wa Sumbawanga walifua chuma kwa dawa na matambiko yaliyojaa habari za mwili. Tanuri lilikuwa mwanamke. Kwa Wafipa lilipambwa kama bibi harusi, na chuma ndicho kilikuwa mtoto wake. Randi Barndon, mwanaakiolojia wa Norwei, ameyaandika haya kwa kirefu. Wahunzi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, maana kulala na mke wakati huo kulikuwa sawa na kumsaliti bibi harusi aliye tanurini, na chuma kingeharibika. Hapo nguvu ya mwili iliogopwa, na mwenye dawa ndiye aliyejinyima. Leo mwenye dawa hajinyimi kitu. Anayetozwa ni mama aliyekuja na mtoto mgonjwa, au binti aliyeachwa na mchumba.

Sisemi kwamba kila cha wazee kilikuwa chema. Mjane aliyelazimishwa kulala na ndugu wa marehemu ili "atakaswe" alionewa, na kuiita dhuluma hiyo tambiko hakuipunguzi. Katika Nyanda hizi za Juu Kusini haya ni mambo ya uhai: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU.

Sheria iliona mbali. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inamtaja waziwazi mganga wa jadi anayetumia nafasi yake kumbaka mteja. Inamtaja pia kiongozi wa dini, kwa hiyo nabii mwenye mafuta ya upako asijione yuko nje. Adhabu ya ubakaji ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na ridhaa iliyopatikana kwa vitisho haihesabiki kuwa ridhaa. Mwanamke aliyeambiwa kwamba mtoto wake atakufa akikataa, alikubali nini hasa?

Waganga waadilifu wapo, na katika kurasa zijazo wanazungumza wenyewe, kwa hasira zaidi kuliko sisi. Kwa msomaji ambaye yamemfika: usioge, usifue nguo. Nenda hospitali haraka, maana dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huko utapewa fomu ya PF3. Huna haja ya kueleza kwa nini ulikwenda kwa mganga.