Mwenye duka la mtandaoni asijifiche





Mwezi uliopita mdogo wangu alilipia friji kwenye tovuti moja yenye picha nzuri na bei za kutamanisha. Friji haikuja, na simu ya muuzaji ikawa haipatikani. RB ya polisi tukachukua. Nikatafuta usajili wa jina la tovuti ile: palipotakiwa jina, anwani na simu ya mmiliki, pote pameandikwa taarifa zimezuiwa kulinda faragha. Kilichobaki ni baruapepe ya kampuni ya ng'ambo iliyomsajili. Tumeandika, kimya.

Zamani majina ya .com yalikuwa na daftari la wazi, WHOIS, unamwona mmiliki mpaka sanduku lake la posta. Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, ICANN, wasimamizi wa majina hayo duniani, waliruhusu taarifa zifichwe. Wasajili wengi wakafunika zote, za mtu na za kampuni, ingawa sheria yenyewe inamlinda mtu.

Faragha siipingi. Daftari lile liliwanufaisha pia matapeli waliokuwa wakichota humo simu na baruapepe za watu. Mwandishi anayefichua ufisadi, au mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, hana sababu ya kuanika anapolala. Hao wafichwe, tena vizuri.

Lakini anayepokea pesa za watu? Hapa Kariakoo leseni ya biashara inatundikwa ukutani, na afisa biashara akipita asiione utajieleza. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, ukilipia ada unapata majina ya wakurugenzi wake. Iweje anayeuzia nchi nzima awe na siri kubwa kuliko muuza vitenge?

Ulaya wenyewe wameanza kurekebisha: sheria yao ya 2022 ya usalama wa mitandao inataka taarifa za usajili zisizo za mtu binafsi ziwe wazi, na mwenye sababu halali ya kuomba zilizofichwa ajibiwe ndani ya saa 72.

Najua .com haiko mikononi mwa serikali yetu. Pesa, hata hivyo, inapita kwenye lipa namba za hapa hapa. Basi kampuni za simu zisimpe lipa namba mwenye duka la mtandaoni mpaka jina la biashara, TIN na mahali alipo viandikwe kwenye tovuti yake, na mamlaka zihakikishe hivyo.

Mfanyabiashara,
Kariakoo, Dar es Salaam