Shahada Fupi ya Uuguzi Isifupishwe Wodini

Kila mwaka msimu wa maombi ya vyuo vikuu unapokaribia, miongoni mwa wanaotayarisha vyeti vyao huwamo wauguzi waliokwisha kutumikia kwa miaka mingi katika hospitali na vituo vyetu vya afya, Unguja na Pemba, wakiwa na cheti au stashahada. Pamoja nao siku hizi wamo vijana ambao tayari wanayo shahada ya Biolojia, ya Kemia au ya ualimu wa sayansi, wasiopata kazi, na ambao sasa wanauelekea uuguzi. Makundi haya mawili huuliza swali moja: ni ipi njia fupi ya kuipata shahada ya uuguzi?

Sisi hatuwalaumu. Shahada hiyo nchini mwetu kwa kawaida huchukua miaka minne, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Mama wa watoto watatu, aliyekwisha kuzalisha wenziwe wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka, hastahili kukalishwa muda wote huo kana kwamba jana tu ametoka kidato cha sita. Aidha, Serikali iliyofungua hospitali mpya za wilaya katika miaka ya karibuni inawahitaji watu wa kuzisimamia wodi zake, na inawahitaji mapema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 ulimwengu ulikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Hapana jirani wa kumwazima.

Kwa hiyo hatutaki kuianza hoja yetu kwa ile methali ya haraka na baraka, ambayo kila mtu anaijua. Njia fupi ipo, tena ni ya heshima. Chuo Kikuu cha Saint Louis, huko Marekani, kilianza kuifundisha shahada ya uuguzi ya muda mfupi mwaka 1971 kwa watu waliokwisha kuwa na shahada ya fani nyingine, na leo mafunzo ya namna hiyo katika nchi ile huchukua baina ya miezi 11 na 18. Uingereza nako mwenye shahada aweza kuwa muuguzi kwa miaka miwili badala ya mitatu. Jambo la kuulizwa ni moja tu: muda huo uliopunguzwa umetolewa wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafunzo ya muuguzi nchini Uingereza, kwa kufuata kipimo kilichotumika katika nchi za Ulaya, hayapungui saa 4,600, na nusu yake, yaani saa 2,300, ni za kazi ya vitendo. Mtu akifanya kazi saa nane kwa siku, hizo ni siku zipatazo 287 za kuwa karibu na mgonjwa. Mwenye shahada nyingine huweza kuhesabiwa hadi nusu ya mafunzo kwa yale aliyokwisha kuyasoma na kuyatenda, lakini ni lazima ithibitike, jambo kwa jambo, kwamba ameyajua kweli. Hasamehewi kitu kwa sababu ana haraka.

Tukikitumia kipimo hicho kwetu, itaonekana mara moja kwamba yale makundi mawili tuliyoyataja hayawezi kupewa njia moja. Muuguzi mwenye stashahada amekwisha kukesha zamu za usiku. Anajua kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, na anajua uso wa mama anayeanza kutokwa na damu kupita kiasi kabla kipimo hakijasema. Anachokosa ni utafiti, takwimu, uongozi wa wodi, ualimu wa wauguzi wadogo na elimu ya afya ya jamii. Huyo afupishiwe mazoezi, aongezewe darasa. Kijana mwenye shahada ya Kemia ni kinyume chake. Darasani ana mengi ya kusamehewa. Wodini hana hata siku moja. Chuo kinachowapokea wote wawili kwa ratiba ileile na muda uleule kimemdhulumu mmoja wao, na huenda kimemdhulumu mgonjwa wa yule mwingine.

Wapo watakaosema kwamba mtihani wa leseni utawachuja wasiofaa. Tungependa iwe hivyo. Lakini Januari 2023 wakuu wa sheria wa Marekani walitangaza mashitaka dhidi ya watu 25 kwa biashara ya vyeti vya uuguzi vya uongo, zaidi ya 7,600, vilivyotolewa kwa majina ya vyuo vitatu vya jimbo la Florida. Wanunuzi walilipa fedha nyingi ili wasipite wodini. Pamoja na hayo, wapatao 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa taifa wa leseni. Basi mtihani wa kuandika waweza kufaulu mtu ambaye hakufunzwa kazi yenyewe, na nchi yenye uwezo mkubwa kama ile ilichelewa kumgundua.

Sasa turudi visiwani, maana mwombaji wa huku ana tatizo lake la peke yake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na kwa hiyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayosema kama shahada fulani inatambuliwa, pamoja na zile zinazotoka nchi za nje. Afya si jambo la Muungano. Leseni ya kufanya kazi Unguja na Pemba hutolewa na Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar, na ile ya Bara hutolewa na Baraza la huko. Matokeo yake ni kwamba mtu aweza kuwa na shahada iliyo halali kabisa mbele ya Tume, akafika nyumbani akakuta bado kuna mlango mwingine wa kubisha. Ndiyo maana tunamshauri kila anayekusudia kuomba, hasa yule anayevutiwa na tangazo la chuo cha mbali kinachofundisha kwa simu na kompyuta, aanze na Baraza kabla ya kuanza na chuo. Aulize kwa maandishi, na ajibiwe kwa maandishi, kabla hajalipa hata shilingi moja ya ada.

Akishapata jibu hilo, ndipo akiulize chuo. Mazoezi ya vitendo yanafanyika hospitali gani, na kwa saa ngapi? Nani anayemsimamia mwanafunzi wodini, ni mwalimu wa chuo au ni muuguzi wa zamu ambaye tayari ana wagonjwa wengi kupita kiasi? Masomo aliyoyafaulu zamani yanahesabiwa kwa utaratibu ulioandikwa, au kwa hisani ya mtu ofisini? Chuo kisichoweza kujibu swali la kwanza kwa kulitaja jina la hospitali ni cha kuepukwa, hata kama ada yake ni nafuu. Mwenye stashahada asisahau pia kuvitazama vyeti vyake vya kidato cha nne, kwani alama za Kemia, Biolojia na Fizikia alizozipata miaka kumi na tano iliyopita hudaiwa tena, na kipimo cha Tume kwa mwenye stashahada ni wastani usiopungua 3.0. Ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kulijua baada ya nauli ya boti na gharama za kulala mjini.

Kuhusu muuguzi aliyemo kazini, upo mfano mwema karibu yetu. Tangu mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwafundisha katika Afrika Mashariki wauguzi walio kazini kwa mpango unaowawezesha kusoma bila kuiacha kazi. Mpango wa namna hiyo humfaa sana anayeishi Dar es Salaam. Muuguzi wa Micheweni hawezi kuvuka bahari kila juma. Kwake yeye, kusoma huku anafanya kazi kutawezekana tu ikiwa darasa litakusanywa katika majuma machache yanayofuatana, kisha arudi Pemba na kufanya mazoezi yake Chake Chake au katika hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, chini ya msimamizi anayetambuliwa na chuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kimekirithi chuo cha afya cha Mbweni, ndicho kilicho na nafasi nzuri zaidi ya kuupanga mpango kama huo. Tunakiomba kiufikirie, na kiwafikirie vilevile vijana wenye shahada za sayansi, kwa ratiba yao tofauti.

Kwa viongozi wanaohusika tuna maneno mafupi. Ruhusa ya masomo isiwe fadhila ya mkuu wa kituo. Kituo chenye wauguzi wawili hakiwezi kumwachia mmoja bila ya kuletewa mwingine wa kushika nafasi yake, na mkuu anayekataa kutia saini mara nyingi hana roho mbaya, hana mtu. Wizara ipange mapema ni wangapi watakaokwenda kila mwaka, kutoka wilaya zipi, na nani atawashikia zamu. Muuguzi anayerudi na shahada naye ajue, kabla ya kuondoka, atarudi katika daraja gani na mshahara gani. Akirudi akawekwa palepale kwa malipo yaleyale, asilaumiwe akianza kutazama Bara au Uarabuni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, kwa upande wake, iangalie kama masharti yake yanamfaa mtu mzima mwenye kazi na mwenye watoto, kwani mikopo ya wanafunzi kwa kawaida hupangwa kwa kumfikiria kijana aliyetoka skuli.

Na Baraza la Wauguzi na Wakunga tunaliomba kazi moja isiyohitaji fedha nyingi: litoe kila mwaka orodha ya mafunzo ya shahada linayoyatambua, ya ndani, ya Bara na ya nje, likionesha muda wa kila moja na saa zake za vitendo. Orodha hiyo ibandikwe Mnazi Mmoja, Wete, Chake Chake na Mkoani mwezi mmoja kabla ya maombi kuanza kupokelewa, ikiwa na tarehe na saini ya mrajisi.