Tuanze na Pipa, Ndipo Tumfuate Kurabu

Mhariri, naomba nafasi katika jarida la chama chetu nitoe dukuduku langu kuhusu kiumbe mmoja ambaye kila mwanafunzi wa Mombasa anamjua, ampende asimpende. Huyu ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye sisi hapa twamwita kurabu. Wengi wanasema auawe tu, mambo yaishe. Mimi nasema hayataisha, maadamu hatujafahamu anaishi vipi na ni nani anayemlisha.

Kwanza tumjue asili yake. Kurabu si mwenyeji wa pwani hii. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani kama Sri Lanka. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, ati asaidie kusafisha mji kwa kula mizoga na uchafu. Kazi aliifanya, lakini hakuna aliyemwonyesha njia ya kurudi kwao. Mwaka 1947 akaonekana hapa Mombasa. Tena ni mdandiaji hodari wa meli. Mwaka 1994 kurabu wawili walitokea Hoek van Holland, kule Uholanzi, na yaaminika walifika kwa meli. Baada ya miaka michache walikuwa wameanza kuzaana huko huko kwenye baridi. Basi ikiwa ndege wa nchi za joto ameweza kustahimili baridi ya Ulaya, sembuse Mombasa ambako jua ni lile lile la kwao?

Siri yake ni nini? Nimemchunguza, nimesoma, na nimewauliza walimu wa Bayolojia. Naona siri zake ni nne.

Ya kwanza, hachagui chakula. Nafaka anakula, samaki anakula, matumbo ya kuku, mayai, panya aliyekufa, hata kipande cha mahamri ulichokiangusha. Mnyama anayetegemea chakula kimoja hufa chakula hicho kikikosekana. Huyu bwana kikikosekana hiki ana kile.

Ya pili ni macho na kumbukumbu. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, mtaalamu John Marzluff na wenzake walifanya jaribio lililoanza mwaka 2006. Walivaa kinyago, wakawanasa kunguru wachache na kuwaachilia. Miaka ikapita, na kila aliyetembea amevaa kinyago kile alipigiwa kelele na kunguru, hata na wale ambao hawakunaswa siku ile! Maana yake ni kwamba waliambizana. Wale si kurabu hasa, lakini ni wa jamii moja. Kwa hivyo ukimtupia jiwe leo, usishangae kesho akikukwepa wewe na kumsogelea mwenzako.

Ya tatu ni umoja. Jioni hurudi kwa makundi kulala kwenye miti mikubwa. Mwewe akijitokeza, mmoja hupiga kelele na wote humwandama mpaka aondoke. Sisi wanafunzi tunahimizwa umoja kila asubuhi gwarideni, lakini kurabu wametupita.

Ya nne ni woga. Wahenga walinena, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Watu huitumia methali hii kumcheka mwoga, lakini ukiitazama vizuri ni somo zima la Bayolojia. Kurabu hula jicho moja likiwa kwako. Ukiinama tu kuokota kitu, hata iwe ni kalamu yako, yeye ameshapaa.

Sasa ndugu msomaji, usije ukadhani namtetea. Kurabu ana madhara makubwa. Huvamia viota vya mnana na chozi akala mayai na makinda. Hunyakua vifaranga vya mama zetu mchana kweupe. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amefukuzwa katika mji wake mwenyewe. Mwenzangu, ni lini mara ya mwisho ulimwona Mombasa? Ndege wakipungua, watoto wetu watawajua kwa picha za vitabuni tu.

Ndiyo maana mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Sumu iliyochaguliwa yaitwa Starlicide. Kurabu akiila hafi papo hapo, bali hufa baada ya saa kadhaa. Wataalamu kwanza humwekea nyama isiyo na sumu kwa siku kadhaa, aizoee, kwa kuwa chakula kigeni hukishuku. Hapo waona hata anayetaka kumuua lazima aiheshimu akili yake!

Siupingi mpango huo. Lakini tusijidanganye kwamba sumu peke yake ni dawa. Ndugu zetu wa Unguja walipiga vita hivi hivi katika miaka ya 1990, na kurabu wakapungua sana. Kampeni ilipokoma, wakaongezeka tena. Kwa nini? Kwa sababu meza ilikuwa bado imeandikwa. Jike hutaga mayai kati ya matatu na matano. Akikuta chakula tele, makinda wengi hukua, na pengo huzibwa upesi.

Hapa ndipo naomba tutazame Kibarani, mahali ninapopapita kila siku nikija shule. Kwa miaka mingi palikuwa na jaa la taka, hapo kando ya maji, kwenye mlango wa kuingia kisiwani. Nikiwa shule ya msingi, abiria wa matatu walikuwa wakiziba pua, na kurabu walikuwa wametanda kama blanketi jeusi. Baadaye jaa lilifungwa, udongo ukamwagwa, miti na nyasi zikapandwa, na taka zikawa zapelekwa Mwakirunge. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, na maji ya bahari yakapata njia ya kupita tena. Leo maji yakitoka, nawaona yangeyange wakitembea kwenye tope wakitafuta riziki yao. Kurabu bado wapo, lakini si lile blanketi.

Je, aliyewaondoa pale ni nani? Si bunduki wala sumu. Ni sahani iliyoondolewa. Lakini hawakufa wote. Waliofukuzwa na njaa walifuata taka zilikokwenda, na kila lilipo pipa wazi, sokoni au mitaani, utawakuta. Wataalamu wanasema hakuna mahali panapojulikana kurabu akiishi mbali na watu. Tafakari neno hilo. Simba anatuhitaji? Kasa anatuhitaji? La. Lakini kurabu bila sisi hana maisha. Uhodari wake wote ameujenga juu ya uchafu wetu.

Wenzangu wengine husema, "Kazi ya taka ni ya kaunti, sisi wanafunzi tutafanya nini?" Jawabu langu ni kwamba hata shule yetu ina kurabu wake. Kengele ya mapumziko ikilia, wao huwa wameshapanga foleni juu ya paa kabla yetu, kwa maana saa wanaijua. Wanajua viazi karai vitadondoka, na pipa karibu na kantini halina kifuniko.

Basi napendekeza haya. Mapipa yote ya shule yawekewe vifuniko vizito, kwa sababu chepesi kurabu hukifungua. Mabaki ya chakula yasilale wazi hata usiku mmoja. Viranja wa usafi wapite baada ya mapumziko, si jioni kurabu wameshashiba. Chama chetu kishirikiane na chama cha wanyamapori kuhesabu kurabu kila Ijumaa kwa muhula mmoja kabla ya vifuniko na muhula mmoja baada yake, tuone kama nasema kweli au napiga domo. Matokeo tuyachapishe katika jarida lijalo, hata kama yatanisuta.

Kaunti nayo, na wenye mabucha, hoteli na masoko, wafanye hivyo hivyo kwa kipimo chao. Hapo ndipo KWS wakija na dawa yao itafanya kazi na kudumu.

Kila mnyama hufuata mazingira yake. Mazingira ya kurabu ni sisi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Tunatazama juu ya mti tukimlaani ndege, na huku tunachomlisha kimo mikononi mwetu. Tufunike pipa kwanza.