Bendera ikipotea, mkimbiaji ana kosa gani?

Ikiwa una mtoto anayesomea kule Kericho au Bomet, huenda malalamiko haya si mageni kwako. Mtoto alikuwa akiongoza katika mbio za nyika. Akafika mahali njia zinapogawanyika katikati ya majani chai, hakuona bendera wala msimamizi, akashika kulia badala ya kushoto. Waliokuwa nyuma wakaelekezwa na kelele za watazamaji, naye akateremka bondeni peke yake. Jioni matokeo yakasomwa na jina lake halikuwemo.

Usilidharau jambo hili. Mbio za zoni ndizo hufungua mlango wa kaunti ndogo, kisha kaunti, kanda, hadi taifa. Huku ndiko alikotoka marehemu Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka wa 1964. Katika nyumba nyingi za eneo hili miguu ya mtoto ni matumaini ya karo, ya chuo ng'ambo au ya kazi katika jeshi.

Na mashamba ya chai ni mtego hasa. Michai hukatwa ikawa ya kimo kimoja, na vijia vya wachumaji hufanana kama mapacha. Chokaa iliyomwagwa asubuhi huoshwa na mvua ya alasiri, ambayo Kericho huja na mawe yake. Utepe hutafunwa na ng'ombe. Vijiti vya bendera navyo, nani atavipita mahali ambapo kuni zinatafutwa kila siku?

Ajabu ni kwamba wenzetu wa mashua za tanga wana dawa ya ugonjwa huu, na hawako mbali sana nasi, kwani Kisumu kuna klabu yao. Majini njia haichorwi. Mashua huzunguka maboya, na boya laweza kukata kamba, kusukumwa na upepo au kufunikwa na gugumaji lililosumbua Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990. Kanuni yao ya 34 haimlaumu nahodha. Yasema kamati ya mashindano, ikiwezekana, irudishe boya mahali pake au iweke jingine linalofanana nalo. Isipoweza, iweke pale kitu chenye bendera ya M, ile ya buluu yenye msalaba mweupe wa kukingama, tena ipige honi mara kwa mara ili kila mtu ajue. Hata mashua ya kamati yenyewe yaweza kusimama badala ya boya. Hayo yote yakishindikana, kamati ina ruhusa ya kufupisha au kuvunja mashindano. Na aliyeharibiwa matokeo kwa uzembe wa kamati, bila kosa lake, ana haki ya kuomba afidiwe, pengine kwa kupewa wastani wa alama zake za mashindano mengine.

Kwetu nchi kavu, mzigo huachiwa mtoto. Husemwa, "Angeuliza njia mapema." Hebu tuwe wakweli: mtoto wa miaka 15 anayekimbia mbele ya wenzake 200 atamuuliza nani?

Hata watu wazima hupotea. Oktoba 2017, katika marathoni ya Venice, kundi la mbele, Wakenya wakiwemo, lilifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Walipogeuka walikuwa wamepoteza kama dakika mbili, na Mwitaliano Eyob Faniel akashinda. Mwaka wa 2013 huko Sunderland, Uingereza, mkimbiaji wa pili na wa tatu walikosea njia na umati wa watu wapatao 5,000 ukawafuata. Mshindi peke yake ndiye aliyemaliza marathoni kamili. Wengine wote walipungukiwa mita 264.

Kwa maoni yangu, mwalimu wa michezo akiwa na watu wanane na njia panda kumi na mbili, asiwapange wote penye watazamaji na soda. Awaweke kwenye njia panda, na zile nne zilizobaki azifunge kwa kamba au matawi. Kisha mtu mmoja apite njia yote kwa baiskeli nusu saa kabla ya mbio, wala si jana yake. Mwenye kuongoza baiskeli hiyo awe mwenyeji anayejua vijia, wala asiwe mgeni aliyetumwa na ofisi. Kengele au filimbi mkononi mwa kila msimamizi ni ya lazima, kwa kuwa ukungu ukishuka bendera nyekundu haina faida.

Ikiwa mambo yameharibika tayari, mzazi asipige kelele uwanjani. Katika kanuni za riadha za kimataifa, malalamiko kuhusu matokeo hupelekwa kwa refa katika muda wa dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa rasmi. Mwalimu na aende mara moja, aonyeshe njia panda iliyokosa alama, na awe na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa wa shule nyingine. Basi la shule likishaondoka, na wachumaji wakishapita na vikapu vyao, hakuna atakayeweza kuthibitisha bendera ilikuwa wapi.