Msikiti wa Kizimkazi Wataka Chokaa

Ajaye Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, akiwa amesimuliwa sifa za msikiti wake wa kale, huenda akadhani kuwa amepotea njia, kwani kwa nje haoni ila kuta zisizo na madaha na paa la mabati. Na wageni wengi, ambao haja yao ni kutazama pomboo baharini, hupita pasi na kugeuza shingo. Lakini avuapo viatu akaingia kwa idhini ya wenyewe, huukuta ukuta wa kibla umechongwa maandishi ya Kikufi, herufi zake zikichipua majani na vikonyo, yakitaja kwamba kazi hii iliamrishwa na Sheikh Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad, mwezi mosi Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia.

Jengo lenyewe, ni kweli, lilijengwa upya katika karne ya 18. Bali mihrabu imebaki, nayo ni ya tumbawe, jiwe lichimbwalo baharini lingali bichi na laini, likachongwa upesi kabla halijakauka na kuwa gumu. Fundi wa hapo hakuwa na nafasi ya kusitasita, wala mkono wake, kwa kuutazama, haukusita.

Neno langu ni la ukarabati. Siku hizi ufa ukionekana katika jengo la kale, mtu hukimbilia mfuko wa saruji, akidhani amefanya ihsani; kumbe saruji huziba pumzi ya ukuta, unyevu ukakosa pa kutokea, na chumvi ikalila jiwe kwa ndani. Wazee walichoma mawe ya pwani kwa kuni, wakapata chokaa, wakaiacha ikaiva ndipo wakaipaka. Ni kazi ya subira, na mafundi waijuao wanapungua.

Sisemi msikiti ufungwe uwe makumbusho, hasha! Umedumu kwa sababu watu husali humo. Nasema tu kwamba kila atakayechangia mfuko wa saruji kwa msikiti huu, na kwa kila msikiti wa kale wa mwambao wetu, thamani yake aitoe kwa chokaa, na kwa ujira wa kijana mmoja atakayekaa chini ya fundi mzee mpaka ahitimu.