Mkandarasi mdogo aitwe mara ngapi kabla ya kupewa kazi?

Zipo gharama ambazo fundi au mkandarasi mdogo wa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam haziandiki kwenye daftari lake, na mojawapo ni safari za kwenda kuhojiwa. Mtu anatoka Mbagala Chamazi kwenda Mbezi Beach kuonana na mwenye nyumba. Anaambiwa arudi Alhamisi kuonana na msimamizi, Alhamisi anaambiwa mama mwenye nyumba hajarudi safari, na Jumatatu inayofuata anakuta kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Hakuna aliyemwibia hata senti, lakini amekwenda na maji.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu, kila msomaji aweke tarakimu zake. Tuseme fundi mwashi anajilipa Sh 30,000 kwa siku. Kila anapoitwa anapoteza nusu siku, yaani Sh 15,000, na nauli pamoja na chai na vocha ya simu vinamla Sh 5,000 nyingine. Wito mmoja umemgharimu Sh 20,000. Akiitwa mara nne kwa kila kazi, na kati ya kazi tatu anazozifuatilia akapata moja, ametumia Sh 240,000 kuipata hiyo moja. Kama ni kazi ya kupiga plasta ambayo ufundi wake ni Sh 600,000, basi asilimia 40 ya fedha hiyo imekwisha kuliwa barabarani kabla hajafungua mfuko wa kwanza wa saruji, na bado hajawalipa vibarua. Akiitwa mara mbili tu kwa kila kazi, gharama hiyo inashuka hadi Sh 120,000. Hapo ndipo swali la idadi ya mahojiano linapoacha kuwa la heshima na adabu na kuwa la biashara.

Jibu linategemea anayekupa kazi ni nani.

Tuanze na serikali, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Kazi za halmashauri za Kinondoni na Temeke, za Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka humo, na za barabara chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017, hutolewa kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2023, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2011. Tangu mwaka huo wa 2023 zabuni zinatangazwa na kujibiwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Katika utaratibu huo zinazohojiwa ni karatasi, siyo sura ya mtu. Wanaotathmini huangalia usajili wako wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), daraja lako, kodi, leseni, kazi ulizokwisha kufanya na bei uliyoweka. Unaweza kualikwa kutembelea eneo la kazi pamoja na waombaji wengine, unaweza kuulizwa ufafanuzi kwa maandishi, na ukionekana mshindi unaweza kuitwa kwenye majadiliano kabla ya mkataba. Kwa zabuni ya kawaida ya ujenzi, mahojiano ya kukaa kiti kwa kiti na ofisa mmoja kabla ya matokeo kutoka hayamo.

Kwa hiyo, mkandarasi aliyewasilisha zabuni kisha akapigiwa simu jioni na mtu anayesema "njoo tuonane kidogo kuhusu ile kazi yako", ajue kwamba idadi sahihi ya mahojiano ya namna hiyo ni sifuri. Simu ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi. Na anayeona ameonewa katika matokeo ana mahali pa kulalamika, kuanzia kwa taasisi yenyewe hadi Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi na unahesabiwa kwa siku, kwa hiyo asikae kusubiri mtu wa ndani ampe matumaini.

Hapa pia wanaguswa wafanyabiashara wadogo na wakulima wanaojiunga katika vikundi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalizitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na sheria mpya haikuliacha jambo hilo. Kikundi cha akina mama wa Yombo kinachotaka kupika chakula cha semina hupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ili kitambuliwe. Huko maswali yapo, tena ya ana kwa ana, kuhusu wanachama, katiba na akaunti ya benki. Lakini hayo ni maswali ya kuandikishwa na yakijibiwa vizuri hufungua zabuni nyingi, siyo moja. Ndiyo safari ambazo sisi tungemshauri mtu azilipie nauli bila kunung'unika.

Sekta binafsi ni habari nyingine. Kampuni ya ujenzi inayotafuta mkandarasi mdogo wa umeme au wa mabomba, hoteli inayotafuta mzabuni wa mboga, au shule ya bweni inayotafuta mtu wa maharage na kuni, haibanwi na sheria ya ununuzi wa umma. Inaweza kukuita mara kumi ikipenda. Kwa kazi ya kampuni, mara tatu ni haki: mara ya kwanza kufahamiana na kuona nyaraka, ya pili saitini au shambani kwako ili pande zote zione ukubwa wa kazi, na ya tatu bei na mkataba. Mkulima wa mchicha na bamia wa Bunju au Kongowe anayeitwa hotelini aongeze safari moja ya kupeleka sampuli. Baada ya hapo, kila wito mpya ni dalili kwamba unayezungumza naye hana mamlaka ya kuamua, na dawa yake ni kuuliza kwa upole, tena mapema, siku ya kwanza: "Samahani bosi, anayesaini ni nani, na tutaonana naye lini?" Wengi wetu tunaona haya kuuliza hivyo tukihofia kuonekana wajuaji. Mwenye nia ya kukupa kazi hakasiriki.

Kwa nyumba ya mtu binafsi, ambako mafundi wengi wa Tandika, Mwananyamala na Tegeta wanapata riziki, mara mbili zinatosha kabisa. Ya kwanza ni saitini, utepe wa kupimia mkononi. Ya pili ni ya makadirio na kupatana. Fedha ya kuanzia ikishindikana siku hiyo ya pili, mara nyingi hata ya tatu haitakuwapo.

Liko jambo jingine linaloitwa mahojiano ilhali siyo. Tajiri anamwambia fundi, "Hebu nipigie plasta hicho chumba kimoja nione mkono wako." Chumba kikiisha, anaitwa fundi wa pili apige chumba cha pili, naye aonyeshe mkono wake. Nyumba za namna hiyo zipo, na hazikujengwa kwa bahati mbaya. Kipande cha ukuta cha mita moja kinatosha kuonyesha mkono. Kinachozidi hapo ni kazi na kina bei yake, ambayo itajwe kabla karai halijashikwa. Njia bora zaidi ni kumpeleka mteja kwenye nyumba uliyokwisha kuijenga jirani na hapo, au kumwonyesha picha kwenye simu. Aidha, VETA, ambayo hapa jijini ina chuo pale Chang'ombe, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani bila kupita darasani. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa fundi bora kuliko jana, lakini kinampunguzia maswali.

Tusidhani kwamba tatizo la kuita watu ovyo ni la wenye nyumba peke yao. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita watu zaidi ya 10,000 kwenye usaili wa nafasi 70, ikabidi wakae kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, hapo hapo wilayani Temeke. Ni zaidi ya watu 140 kwa kila nafasi. Wengine walitoka mikoani kwa nauli zao. Mchujo ambao ungefanywa mezani kwa kusoma barua ulihamishiwa kwenye mifuko ya waombaji, na ndivyo anavyofanya kwa udogo wake mwenye nyumba anayeita mafundi kumi na wawili kwa ukuta mmoja.

Ughaibuni nako swali hili limewahi kupimwa. Kampuni ya Google ya Marekani, ambayo zamani ilikuwa ikiwahoji waombaji mara nyingi mno, ilichambua kumbukumbu zake za ajira ikaona kwamba mahojiano manne yalitosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86, na kila la ziada liliongeza kidogo sana. Hao walikuwa wanatafuta mtu wa kukaa naye miaka. Sasa mtu wa kupaka rangi kwa wiki tatu ahojiwe mara tano kwa lipi?

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wako upande wa pili wa meza pia. Aliyeuza ufuta au korosho msimu huu akataka kujenga fremu mbili za duka Toangoma, naye ataita mafundi. Aite watatu, siyo kumi, na awaite siku tofauti. Kila mmoja apewe vipimo vile vile kwa maandishi, la sivyo atakuwa analinganisha bei ya fremu mbili na ya fremu moja na nusu. Aulize nani atanunua vifaa, maana ugomvi mwingi wa ujenzi mitaani huanzia kwenye mifuko ya saruji, siyo kwenye ufundi. Aende akaone kazi moja ya kila fundi bila fundi mwenyewe kuwapo, azungumze na mwenye nyumba ile. Hiyo safari ni ya kwake na nauli ni ya kwake. Na akimhitaji fundi kwa mara ya tatu kabla ya kupatana, amtumie nauli kwenye simu asubuhi ile ile anapomwita.